Fereti wangu dume katolewa mawe kwenye kibofu: ni chakula, ni maji, au ni ukoo tu?

#1 Bint_Kaloleni
Habari za Jumapili wakuu. Nipo Marekani, jimbo la Ohio, nafuga fereti wawili, dume na jike. Kwa asiyemjua, ni mnyama mrefu mwembamba wa jamii moja na kicheche, anakula nyama, sehemu kubwa ya siku amelala ila akiamka ni fujo tupu, soksi zangu zote ziko chini ya kochi.

Kisa ni cha dume. Alianza kwenda kwenye trei yake ya choo kila mara, anajikunja, anajikamua, linatoka tone au halitoki kabisa, halafu analia. Nikadhani ni tumbo maana huyu akiona kitu cha mpira lazima atafune, kumbe mkojo umeziba. Kufika kwa vet (daktari wa wanyama) wakampiga eksirei, kibofu kina mawe, akapasuliwa usiku uleule. Sasa yupo nyumbani anaendelea vizuri.

Swali langu liko hapa: vet wa kwanza alisema ni chakula. Aliyempasua akasema chakula kinasingiziwa tu, hii kitu ni ya kurithi. Dukani ninaponunua chakula wanasema ni maji ya bomba. Chakula chenyewe ni vile vidonge vikavu visivyo na nafaka, ghali kuliko mchele ninaokula mimi. Jike anakula hichohicho na hana hata mafua. Mawe yamepelekwa maabara ya Chuo Kikuu cha Minnesota wayapime ni ya aina gani, majibu bado. Wenye uzoefu na wanyama wanaokula nyama naomba mawazo, hata kama ni paka.

#2 Chumvi_Mbili
Yaani kicheche, huyuhuyu anayemaliza kuku wa bibi yangu kule Same, ndio umempeleka theatre usiku wa manane? Ngoja nivute kiti.

#3 Mama_Paka_Kinondoni
#2 acha utani mwenzio ana mgonjwa. Pole mdogo wangu. Paka wangu dume yalimkuta hayohayo, anachuchumaa kwenye beseni la mchanga hadi unamwonea huruma, na watu wakaniambia ni choo kigumu nimpe mafuta ya kula. Bahati niliwahi, daktari akamwekea mpira wa mkojo, ikatoka kama michanga michanga. Alikuwa anakula vidonge vikavu asubuhi mpaka usiku na maji anayaonja tu. Paka asili yake ni mnyama wa nchi kame, hana kiu sana, maji yake anayapata ndani ya anachowinda, sasa wewe unampa kitu kikavu kama biskuti unategemea mkojo wake uweje? Tangu pale ni samaki wa kuchemsha na supu yake au chakula cha kopo, hajarudia. Mimi kura yangu ni UKAVU.

Na wanaosoma hapa: paka dume asipokojoa kuanzia asubuhi mpaka jioni usisubiri kesho. Hiyo inaua, sumu inarudi kwenye damu.

#4 Daktari_Mtarajiwa
Nipo SUA, chuo kikuu cha kilimo Morogoro, nasomea mifugo, fereti sijawahi kumshika ila nimesoma. Kwa fereti jiwe linalotajwa vitabuni ni struviti, yaani magnesiamu, amonia na fosfeti vimeshikana. Mnyama anayekula nyama mkojo wake huwa na tindikali kiasi, pH (kipimo cha tindikali) kwenye 6 hivi, na kwenye tindikali struviti haishikani. Ukimlisha protini ya mimea, mahindi, soya, mkojo unageuka kuwa wa alkali, kinyume cha tindikali, na madini yanaanza kuganda. Zamani watu huko walikuwa wanawapa fereti chakula cha mbwa au cha paka cha bei ya chini, ndio shida ikaanzia hapo. Maabara hiyohiyo ya Minnesota, mawe ya fereti waliyopokea 1981 hadi 2007 yalikuwa 408, na 272 yalikuwa struviti. Kwa hiyo dada chakula ndio mshtakiwa namba moja. Toa mahindi, rudisha tindikali.

#5 Bint_Kaloleni
Asanteni. Daktari_Mtarajiwa, tatizo chakula changu hakina mahindi hata punje, ndio sifa waliyoiandika kwa herufi kubwa mbele ya pakiti. Nimeisoma nyuma: kuku, njegere, dengu, viazi vitamu, mafuta ya kuku, halafu majina marefu marefu.

#6 Mfuga_Kongwa
Njegere na dengu kwa mnyama wa nyama? Hao wametoa nafaka wakaingiza kunde, si yaleyale.

Mimi ni mtu wa mbuzi ila mawe ya mkojo nayajua vizuri kuliko nilivyotaka. Ukinenepesha madume kwa pumba na mashudu peke yake bila majani ya kutosha fosforasi inakuwa nyingi kalsiamu kidogo, na inayobaki inatoka na mkojo badala ya mate na kinyesi. Utaona dume anasimama kama anajinyoosha, mkia unachezacheza, anakoroma, ukishika manyoya ya chini yamekauka yana vichanga vyeupe. Na waliohasiwa wakiwa wadogo sana ndio wanaoongoza kwa sababu mrija unabaki mwembamba, hawakupata homoni ya kuutanua. Sisi tulisogeza umri wa kuhasi, tukaongeza chokaa ya mifugo na chumvi ili wanywe maji, tatizo likapungua sana. Kwa hiyo kwangu ni madini, kikavu au cha maji ni baadaye.

#7 Wa_Kiambu_Rd
Wadau, mnaenda mbio na chakula na kuna kitu hajaulizwa. Bint, umesema jike ako sawa na wanakula pamoja. Hiyo haimaanishi jike hana mawe! Jike mrija yake ni mfupi na pana, kajiwe kadogo kanapita bila wewe kujua. Dume ndio hufungika. Tena fereti dume ana mfupa ndani ya uume umejikunja kwa mbele, kuingiza katheta (mpira wa mkojo) hapo ni kazi ya kutoa jasho hata kwa vet mzoefu.

Ya pili ni adrenali, zile tezi ndogo karibu na figo. Huko Marekani fereti wa kuuzwa hufanyiwa kuhasiwa wakiwa wachanga kabisa, wiki sita hivi, kabla hata waende dukani. Wakizeeka kidogo tezi za adrenali zinaanza kutoa homoni vibaya, kwa dume tezi dume inafura na mkojo inakwama, watu wanalaumu mawe. Walicheki hiyo?

#8 Bint_Kaloleni
Walicheki mkuu, ultrasaundi ya tumbo zima, adrenali ziko kawaida, tezi dume kawaida, na mkia una manyoya yake yote (niliambiwa dalili ya kwanza huwa ni mkia kupukutika). Mawe yapo kweli, nimeonyeshwa kwenye kikopo, ya njano njano yanateleza.

#9 Mzee_wa_Siki
Habari zenu vijana. Mnazunguka sana. Kijana wa SUA ameshasema, mkojo umekosa tindikali. Siki ya tufaha matone machache kwenye maji ya kunywa na kidonge cha vitamini C kilichosagwa robo. Mke wangu alikuwa na matatizo ya mkojo miaka hiyo akanywa siki yakaisha. Gharama ya siki na gharama ya kupasua mnyama vipi inalingana jamani.

#10 Yuko_Leeds
Mzee wangu shikamoo, ila naomba hiyo siki isimfikie yule mnyama kwanza. Bint usimpe kitu chochote cha kubadilisha mkojo mpaka majibu ya jiwe yatoke, narudia usimpe.

Sababu ni hii. Takwimu alizoleta #4 ni za kweli ila zinaishia 2007. Baadaye walikusanya mawe ya fereti kutoka Amerika Kaskazini, Ulaya na Asia, 2010 hadi 2018, jumla zaidi ya elfu moja, na zaidi ya tisa katika kila kumi hayakuwa struviti tena, yalikuwa SISTINI. Sistini siyo madini, ni kipande cha protini. Figo nzima inachuja sistini halafu inairudisha mwilini, ya mgonjwa inaiacha ipite kwenye mkojo. Na tabia yake ni kinyume cha struviti, inaganda kwenye tindikali na inayeyuka mkojo ukiwa wa alkali. Kwa hiyo siki ya mzee inaweza kumsaidia mwenye struviti na kumjengea mwenye sistini jiwe jingine. Dawa ya huyu ni sumu ya yule. Na ulivyosema ya njano yanateleza, mimi nimeshaanza kuhisi jibu.

#11 Mzee_wa_Siki
Marahaba. Siki haijawahi kuua mtu.

#12 Chumvi_Mbili
Mzee hajasema haijawahi kuua kicheche 😂

#13 Daktari_Mtarajiwa
Yuko_Leeds nashukuru, hiyo ya mawe zaidi ya elfu moja sikuwa nayo. Lakini hapo umenisaidia mimi kuliko wenye hoja ya kurithi. Kama ni ukoo, mbona zamani sistini ilikuwa chache? Jeni za mnyama hazigeuki ndani ya miaka kumi na kitu. Kilichogeuka miaka hiyo ni nini? Vyakula visivyo na nafaka ndio vilijaa madukani, vyenye njegere na dengu kama cha Bint. Hata baadhi ya madaktari wa huko wanazinyooshea kidole kunde.

#14 Yuko_Leeds
Jeni hazigeuki ila uzazi unageuka. Fereti wa madukani Marekani wengi wanatoka mashamba machache makubwa, dume mmoja mwenye kasoro akizalishwa sana unaikuta kasoro yake nchi nzima. Kwa mbwa sistini imeshathibitishwa ni ya kurithi, wale wa aina ya Newfoundland wana jeni yao inajulikana na kipimo cha damu kipo. Na kwa fereti vilevile madume ndio wengi.

#15 Mpiga_Hesabu
Mimi si mtu wa wanyama ila hizo namba mnazitumia vibaya wote wawili. Asilimia siyo idadi. Tuseme kila mwaka fereti kumi wanapata sistini, na tisini wanapata struviti. Watu wakaacha kuwapa chakula cha mbwa, struviti zikashuka hadi moja. Sistini ni zilezile kumi lakini ghafla ripoti inasema asilimia tisini! Hakuna mlipuko wowote hapo. Halafu jiwe linalofika maabara ni lile lililotolewa, lililoyeyushwa kwa chakula maalumu halipimwi na mtu, na struviti ndio inayoyeyuka. Kwa hiyo hata mnachohesabu siyo mawe yote.

#16 Daktari_Mtarajiwa
Hii point nzuri sana, ila hata idadi yenyewe ya sampuli imepanda, 408 kwa miaka 26 na zaidi ya elfu moja kwa miaka minane.

#17 Mpiga_Hesabu
Au watu wameanza kupeleka zaidi. Ukiwa na hela ya kupasua fereti saa sita usiku hela ya posta haikushindi.

#18 Wa_Kiambu_Rd
Posta pekee yake, maabara hiyo kwa miaka mingi ilikuwa inapima bila kulipisha, ikidhaminiwa na kampuni ya chakula cha wanyama. Nawaachia hiyo mchemke nayo.

#19 Dada_wa_Ruwi
Salaam kutoka Muscat. Naona maji yamesahaulika na ndio swali aliloliuliza mwenye uzi. Huku kwetu maji ya bomba mengi ni ya bahari yaliyotolewa chumvi, siyo yale magumu yanayoacha ukoko kwenye birika kama ya kisima, na paka wanaziba mkojo kila kukicha, wangu mmoja wapo. Kwa hiyo mambo ya maji magumu mimi siyaamini hata kidogo. Cha kuangalia ni kiasi anachokunywa. Nimeweka ile chemchemi ndogo ya umeme maji yanazunguka, paka anakunywa mpaka nashangaa.

La wangu lilikuwa okzaleti (jiwe la kalsiamu) lakini, si struviti wala hilo la Leeds. Daktari akanipa historia: miaka ya themanini makampuni yaliona struviti imezidi kwa paka, wakapunguza magnesiamu na kuongeza tindikali kwenye chakula. Struviti ikashuka kweli, okzaleti ikapanda ikaipita, na okzaleti haiyeyuki, ni kisu tu. Walizima moto huku wakawasha kule.

#20 Mama_Paka_Kinondoni
Ehee sasa mnanitisha, mimi wangu sikumpima jiwe wala mchanga, nilibadilisha chakula tu. Dada_wa_Ruwi hiyo chemchemi ni bei gani na inakula umeme sana?

#21 Dada_wa_Ruwi
Mama, umeme kama wa kuchaji simu. Pampu ndio uioshe, inashika utelezi.

#22 Msomaji_Kimya_Voi
Bint, rudi kwenye pakiti yako. Yale majina marefu uliyoruka, angalia kama kuna methionini, kipande kimoja cha protini. Nitakwambia kwa nini. Kunde zina protini nyingi ila hiyo methionini ni kidogo, kwa hiyo mwenye kiwanda akijaza njegere lazima aiongeze ya unga ili hesabu ya protini ikae sawa. Na inapendwa pia kwa sababu inatia mkojo tindikali. Sasa mwilini methionini ndiyo inayotengeneza sistini. Unaona mzunguko? Mnyama mwenye figo mbovu analetewa mali ghafi ya jiwe pamoja na tindikali ya kuligandisha, mfuko mmoja. Hii ni hesabu yangu mwenyewe nikiunganisha, sijasema imethibitishwa.

#23 Bint_Kaloleni
Ipo 😳 Imeandikwa DL-methionini, karibu na mwisho, kabla ya vitamini.

#24 Yuko_Leeds
Msomaji_Kimya hoja tamu ila nyama yenyewe imejaa methionini na sistini kuliko hizo kunde zote. Wangu hapa hawali vidonge, wanakula vifaranga vya siku moja, sungura, shingo za kuku, kama walivyofugwa Uingereza kwa uwindaji wa sungura tangu enzi. Kwa hesabu yako wangu wangekuwa machimbo ya kokoto.

#25 Msomaji_Kimya_Voi
Wako wana figo nzima na kifaranga karibu robo tatu yake ni maji. Vidonge havifiki hata sehemu moja ya kumi.

#26 Mama_Paka_Kinondoni
UKAVU! Nilisema tangu #3.

#27 Chumvi_Mbili
Wanakula vifaranga. Kumbe bibi yangu alikuwa anaendesha mgahawa bila kujua.

#28 Bint_Kaloleni
Wakuu majibu yametoka leo, vet kanipigia nikiwa kazini. Ni sistini mia kwa mia. Yuko_Leeds chukua maua yako. Nikauliza sasa ni chakula au kurithi, akasema figo amezaliwa nazo hivyo ila kila fereti mwenye figo hizo hapati mawe, kwa hiyo kuna kitu kinachokoleza. Kitu gani? Akasema angependa kujua na yeye. Nikauliza nipunguze protini kama wanavyofanya kwa mbwa wa sistini, akasema fereti huwezi, utumbo wake ni mfupi, chakula kinapita kwa saa tatu nne, bila protini ya nyama na mafuta anakonda anakufa kwa kitu kingine. Ushauri wake ni maji yaongezeke, kunde zitoke, na mkojo upimwe pH mara kwa mara.

#29 Daktari_Mtarajiwa
"Kunde zitoke" 👀 naona hata wa kurithi wanazitoa kunde.

#30 Yuko_Leeds
Kuzitoa ni tahadhari, hakujasema ndizo zilizosababisha. Mwenye figo nzima angezila asipate kitu, jike si shahidi?

#31 Wa_Kiambu_Rd
Jike si shahidi, nilisema #7. Apigwe eksirei kwanza ndio aitwe kortini.

#32 Bint_Kaloleni
Ameshabukiwa wiki ijayo. Shida yangu ya sasa nyingine: nimejaribu chakula cha kopo, amekinusa akakifukia na kitambaa. Nimejaribu kuku wa kusaga, hivyohivyo. Yule jike anakula vyote.

#33 Yuko_Leeds
Ndivyo walivyo, harufu ya chakula wanaizoea wakiwa watoto, wakipita miezi sita hivi kipya kwao si chakula. Usimkatie vidonge ghafla, akilala njaa sukari inashuka na ana mshono. Loweka vidonge vyake vyenyewe kwa maji ya vuguvugu au supu ya kuku isiyo na chumvi wala kitunguu, anza na vichache, akizoea uji wake ndio uchanganye nyama kidogo kidogo. Mpake puani akilamba umeshinda.

#34 Mfuga_Kongwa
Kumbe anakula uji kama mtoto. Nawaza tu, mbuzi kumi wangu hawafiki bei ya ule upasuaji sijui.

#35 Bint_Kaloleni
Naomba usiniulize bei hapa mume wangu naye ni memba 😅

#36 Chumvi_Mbili
Shemeji karibu jukwaani. Anzia #1.

#37 Mtoro_wa_Santa_Ana
Mimi nipo California nilitaka kufuga huyu mnyama baada ya kusoma huu uzi nikakuta huku ni marufuku, na Hawaii pia, hata jiji la New York. Huku California wanaogopa wakitoroka watamaliza ndege wa porini.

#38 Mzee_wa_Siki
Serikali yenye akili.

#39 Nuru_Tabora
Samahani naingilia, nina sungura mkojo wake ni mzito mweupe kama maziwa na ukikauka unaacha unga sakafuni. Na mimi ni mawe au ni chakula? Anakula majani ya viazi na mabaki ya ugali.

#40 Daktari_Mtarajiwa
Sungura ni habari nyingine kabisa, yeye kalsiamu iliyozidi anaitoa kwa mkojo kwa hiyo mkojo wa chokaa chokaa kwake ni kawaida, cha kuogopa ni akijikamua au mkojo ukiwa kama dawa ya meno. Ugali punguza, majani makavu ongeza. Ila fungua uzi wako Nuru, hapa tukianza sungura na mbuzi hatutoki.

#41 Mfuga_Kongwa
Mbuzi wameanza zamani, tangu #6.